Mgonjwa wa moyo, kadio na CRP: kwa wale wanaomfungia mzee kwenye kochi

Fizio wa Korido (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila uzi wa CRP (protini ya damu inayopimwa kuonyesha inflamesheni mwilini) humu ndani unaishia kwenye tangawizi, manjano na kitunguu swaumu. Nimechoka kusoma, nimeona nishushe wa kwangu. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi ni watu wa moyo. Dawa na vipimo ni mambo ya daktari wako, mimi naongelea mwendo tu.

Ubishi wangu ni huu. Mtu akitoka wodini baada ya mshtuko wa moyo, nyumbani anageuzwa yai. Maji ya kuoga anapelekewa, ndoo haruhusiwi kugusa, akinyanyuka kufuata rimoti watoto wanapiga kelele "baba kaa chini!" Wanampenda, sikatai. Lakini kwa mgonjwa ambaye hali yake imeshatulia, hilo kochi linamrudisha nyuma, na mojawapo ya njia linazomrudishia nyuma ni inflamesheni.

Ukijikata kidole panavimba, panakuwa pekundu, panauma, baada ya siku chache kwisha habari. Hiyo ni inflamesheni ya kazi, tunaihitaji. Ya kwenye mishipa ya moyo ni moto wa pumba: mwali huuoni, ila ndani unakula taratibu miaka na miaka. Lehemu mbaya, ile LDL, inapenya kwenye ukuta wa mshipa. Chembechembe nyeupe za damu zinaifuata na kuimeza mpaka zinashindwa kutoka, halafu zikiwa humohumo zinaanza kumwaga kemikali za kuita wenzao. Kemikali mbili zikumbukeni, tutazirudia: interlukini-1 beta, ambayo inaamsha interlukini-6 (IL-6). Hiyo IL-6 ikifika kwenye ini, ini linatengeneza CRP. Basi hiyo CRP ndiyo mnayotolewa damu kwenda kuipima. Kule kwenye mshipa, vurugu hiyo inakondesha gamba lililofunika mafuta, siku gamba likipasuka damu inaganda juu yake, mshipa unaziba.

Kwa miaka mingi watu walibishana kama inflamesheni inasababisha ugonjwa au inafuatana nao tu. Mwaka 2017 yakatoka majibu ya utafiti wa CANTOS. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo na wenye CRP ya 2 kwenda juu waligawanywa: wengine walichomwa sindano ya kanakinumabu, inayozima interlukini-1 beta, wengine sindano ya bandia. Dawa hiyo haishushi LDL. Kwa dozi ya miligramu 150 kila miezi 3, mishtuko, kiharusi na vifo vya moyo vikijumlishwa vilipungua kwa kama asilimia 15. Kwa hiyo inflamesheni ni mshiriki wa uhalifu. Ila waliochomwa dawa hiyo walipata pia maambukizi mengi zaidi yanayoua, na bei yake ni ya kutisha, ndiyo maana hujaisikia kwenye duka la dawa la mtaani kwako.

Sasa mazoezi yanaingiaje?

Hapa kuna kitu kilichowashangaza hata watafiti. Msuli unaofanya kazi nao unatoa IL-6, ileile. Mkimbiaji wa marathoni anaweza kumaliza mbio IL-6 ikiwa imepanda mara 100. Kwa hesabu ya haraka ungesema basi mazoezi yanachochea ugonjwa. Mama mmoja wa Denmark, Bente Klarlund Pedersen wa Copenhagen, na wenzake ndio waliolifukua jambo hili. IL-6 ya msuli haiji na yule mwenzake mkorofi, TNF, kemikali nyingine ya kuchochea inflamesheni. Inakuja peke yake, inapanda, inashuka ndani ya saa chache, na nyuma yake inaacha kemikali za kutuliza, kama interlukini-10. Mwaka 2003 walifanya jaribio nalipenda sana: vijana wenye afya walichomwa kiasi kidogo cha sumu ya bakteria, wengine wakiwa wamepumzika, wengine wakiwa juu ya baiskeli kwa saa 3. Waliopumzika TNF yao ilipanda mara mbili tatu. Wa baiskeli haikupanda.

Hiyo ni faida ya muda mfupi. Ya muda mrefu inapitia tumboni. Mafuta yanayozunguka utumbo, yale ya kitambi kigumu, ni kiwanda cha TNF na IL-6 usiku na mchana. Copenhagen tena, mwaka 2019: watu wenye vitambi waliendesha baiskeli wiki 12, baadhi yao wakipewa dawa inayozuia IL-6. Waliofanya mazoezi bila kuzuiwa, mafuta ya ndani ya tumbo yalipungua. Waliozuiwa, mazoezi yaleyale, mafuta hayakupungua. Ile ishara ya msuli ndiyo iliyokuwa inapunguza kitambi.

Kwa wagonjwa wenyewe wa moyo: Milani na Lavie kule New Orleans walichapisha mwaka 2004 kwamba waliopitia programu ya kurejesha moyo, yaani kadio (mazoezi ya kupandisha mapigo) kwa usimamizi pamoja na ushauri wa chakula, CRP yao ilishuka kwa kama asilimia 40. Ilishuka kwa waliopungua uzito na wasiopungua, kwa wanaotumia statini (dawa za kushusha lehemu) na wasiotumia. Angalizo: makundi hayakupangwa kwa kura, na aliyeamua kuhudhuria kliniki kwa kawaida ni mtu anayejijali hata kwenye mengine.

Nitarudi na habari za vitendo. Maswali ruksa.

---

Mbishi Asilia

Mleta mada umeandika vizuri ila umechagua tafiti zinazokubeba. Kwa wenye moyo kushindwa kufanya kazi mbona damu yao wakipimwa baada ya mazoezi mara nyingi hakuna kilichobadilika? Tusiuziane mbuzi kwenye gunia.

---

Fizio wa Korido

Mkuu Mbishi, hoja yako ni ya kweli, na jibu lake ni tamu kuliko uzi mzima.

Leipzig, Ujerumani, mwaka 2003. Kikundi cha akina Gielen na Hambrecht kilichukua wanaume 20 wenye moyo dhaifu, nusu wakafanya mazoezi miezi 6, nusu wakaendelea na maisha yao. Walipopima damu, TNF na IL-6 ziko palepale, kama ulivyosema. Wangeishia hapo wangeandika "hakuna kitu". Lakini walikata pia kipande kidogo cha msuli wa paja kabla na baada. Ndani ya msuli TNF, IL-6 na interlukini-1 beta zote zilikuwa zimeshuka.

Mgonjwa wa moyo dhaifu anachoka kwa sababu mbili: pampu haisukumi, na misuli yenyewe inaliwa. Ndiyo maana utaona mtu eko yake, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, haijabadilika hata kidogo, lakini anapanda ngazi zilizomshinda miezi mitatu nyuma. Ukimpima damu tu humwoni.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nimeshaandika sana mpaka vidole vinauma: mazoezi yanatuliza inflamesheni, ushahidi upo, ila usiyafanye kwa ajili ya namba ya CRP. Yafanye kwa sababu yanazuia kifo cha moyo. Mapitio ya Cochrane (mtandao unaojumlisha tafiti za afya) ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio 63 yenye wagonjwa zaidi ya 14,000 wa mishipa ya moyo: waliofanya programu za mazoezi, vifo vya moyo vilipungua kwa kama robo, na kulazwa kwa kama asilimia 18. Sehemu ya faida hiyo ni inflamesheni, sehemu ni presha, sukari, ukuta wa mishipa kujifunza kutanuka tena, damu kupunguza kuganda. Nani alichangia kiasi gani, waache wagombane huko.

---

Binti Sinza

Mkuu nashukuru kwa uzi. Baba yangu (61) aliwekewa stenti (kile kibomba cha kushikilia mshipa wazi) mwezi wa nne. Anatumia atovastatini, aspirini, klopidogreli na bisoprololi. CRP ilikuwa 4.8, juzi ni 1.9. Yeye anasema ni kutembea kwake asubuhi, mama anasema ni juisi ya bitiruti. Nani kashinda?

---

Fizio wa Korido

Dada, pole na mpe hongera mzee. Mshindi wa kwanza ni atovastatini, bila kuvunja nyumba ya watu. Statini zinashusha LDL na zinashusha CRP pia. Kwenye utafiti wa JUPITER wa mwaka 2008, watu karibu 18,000, rosuvastatini peke yake ilishusha CRP kwa asilimia 37. Kutembea kumeongeza juu yake. Bitiruti mwachie mama heshima yake, haina ubaya, ila isije ikachukua nafasi ya kidonge.

Ninaogopa kitu kimoja tu hapo: mzee akijiona yuko safi aje aseme "mazoezi yameniponya" aache klopidogreli, ile ya kuzuia damu kuganda. Kuacha vidonge hivyo na stenti bado changa ni hatari kubwa kabisa. Stenti inaweza kuziba ghafla.

---

Mpimaji

Niko maabara, naomba nichangie kidogo kabla watu hawajakimbilia kupima.

Kuna CRP ya kawaida na kuna ile yenye unyeti wa juu, hs-CRP. Kwa mambo ya moyo ni hiyo ya pili. Chini ya 1 hatari ndogo, 1 mpaka 3 ya kati, zaidi ya 3 kubwa, hizo ni miligramu kwa lita. Ikisoma zaidi ya 10 msianze kulia, mara nyingi kuna kitu kingine: malaria, jino bovu, UTI, mafua makali, hata kidonda. Tibu hicho, rudia baada ya wiki mbili. Na hata ikisoma chini ya 10, vipimo viwili vilivyopishana wiki mbili ni bora kuliko kimoja.

Kingine: usije kupima kesho yake baada ya mazoezi mazito uliyokuwa hujazoea. Itakuwa juu, halafu utasema Fizio katudanganya.

---

Fizio wa Korido

Umenisaidia sana mkuu, hiyo ya malaria watu wengi hawaijui.

---

Chogo wa Temeke

Sasa wakuu kama tatizo ni inflamesheni na pale duka la dawa kuna diklofenaki za kupunguza inflamesheni, si mtu anywe tu asubuhi na jioni? Kutembea kilomita ngapi huko wakati kidonge kipo.

---

Fizio wa Korido

HAPANA. Naandika kwa herufi kubwa kusudi.

Mwaka 2004 dunia ilishuhudia dawa ya kundi hilohilo, rofekoksibu, maarufu kama Vioxx, ikiondolewa sokoni kwa sababu ilikuwa inaongeza mishtuko ya moyo na viharusi. Diklofenaki nayo imo kwenye lawama. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya walisema isitumiwe na mtu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, aliyepata kiharusi au ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi. Dawa hizi zinazima njia nyingine kabisa ya inflamesheni, siyo ile ya interlukini niliyoeleza. Juu ya hapo zinashikilia chumvi na maji mwilini: mgonjwa aliyekuwa anapumua vizuri anaanza kuvimba miguu na kulala kwa mito mitatu. Nimewapokea wengi wa namna hiyo, ukiuliza vizuri unakuta alinunua za mgongo pale kona.

Kuna moja ya zamani ambayo madaktari wa moyo wanaitumia kwa baadhi ya wagonjwa, kolikisini, dawa ya gauti (jongo). Utafiti wa COLCOT wa 2019 na LoDoCo2 wa 2020 uliipa sifa, Marekani wakaipitisha mwaka 2023 kwa kazi hiyo, kisha CLEAR wa 2024 ukatoka bila faida. Mjadala unaendelea. Ikizidi kidogo ni sumu, na haipatani na baadhi ya antibiotiki, kwa hiyo na hiyo usijinunulie.

Aspirini ya dozi ndogo uliyoandikiwa ni habari nyingine, inazuia damu kuganda. Usiiache kwa sababu ya uzi huu.

---

Mama Wawili

Mimi nina miaka 34, nina tatizo la valvu tangu utotoni, niliambiwa ni homa ya baridi yabisi ya moyo. Nachomwa penesilini kila mwezi. Nikisoma hapa nataka kuanza kukimbia. Naruhusiwa?

---

Fizio wa Korido

Dada yangu, asante kwa kuuliza, maana hapa ndipo tafiti za Wazungu zinapotuacha barabarani.

Niliyoyaeleza juu ni ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba. Kwetu sura ni tofauti. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012, wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi kwenye nchi 9 za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, wastani wa umri ulikuwa miaka 52 tu. Karibu nusu chanzo kilikuwa presha. Mishipa iliyoziba haikufika hata asilimia 8. Wenye valvu zilizoharibiwa na baridi yabisi wamo wengi tu.

Valvu ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo, ikiwa nyembamba, damu inahitaji muda wa kupita. Ukikimbia, mapigo yanaongezeka, muda unapungua, damu inarudi kwenye mapafu. Utakohoa, utatweta, unaweza hata kuzimia. Mwingine valvu yake inavuja kidogo tu na anatembea vizuri. Kwa macho huwezi kuwatofautisha, eko ndiyo inaamua. Na inflamesheni yako wewe inatoka kwenye maambukizi ya koo ya bakteria kurudi rudi, kinga yake ni hiyo penesilini unayochomwa. Usiruke sindano hata moja. Kukimbia usianze. Nenda na karatasi ya eko, muulize daktari swali hili moja: "valvu yangu inaruhusu mwendo gani?"

Na wengine wote, orodha fupi ya watu ambao leo hawaanzi: mwenye maumivu ya kifua yanayokuja akiwa amekaa, aliyeongezeka uzito ghafla na miguu kuvimba, mwenye homa, mwenye mapigo yasiyoeleweka, na mwenye inflamesheni ya msuli wa moyo wenyewe, miokaditisi. Huyo wa mwisho anapumzishwa miezi 3 mpaka 6, na kwake kochi ni dawa halali.

---

Mswahili wa Muscat

Sheikh Fizio, saa yangu ya mkononi inaniambia nifikishe mapigo 130. Nikitembea mpaka jasho linachuruzika, haivuki 95. Saa mbovu au moyo?

---

Fizio wa Korido

Bila shaka unatumia bisoprololi, atenololi au kavedilolo. Dawa hizo zimewekwa makusudi kuzuia mapigo yasipande. Ukilazimisha 130 utaanguka.

Sisi tunatumia namba za Gunnar Borg, Msweden, kuanzia 6 mpaka 20. Alizianzia 6 kwa sababu ukizidisha kwa 10 unapata takriban mapigo ya mtu mzima mwenye afya. Kwa mtu wa bisoprololi hesabu hiyo inavunjika, lakini ile hisia ya uzito wa kazi inabaki kweli. 6 ni umelala, 20 ni roho inatoka. Mgonjwa wangu namtaka kwenye 11 mpaka 14. Kwa lugha ya nyumbani: unaweza kuongea sentensi nzima, ila taarabu huwezi kuimba.

Na joto la huko kwenu, tembea baada ya alfajiri au ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi.

Korido yetu ina koni mbili, mita 30 katikati. Mgonjwa anakwenda na kurudi dakika 6, oksimita (kipima oksijeni) kidoleni, mimi nahesabu mita. Mara ya kwanza wengi wakifika koni ya pili wanashika ukuta, mkono kiunoni, wanajifanya kutazama dirishani nisijue kwamba wamechoka. Hasa wanaume waliokuja na wake zao. Hapo namleta kwenye ubao wa namba na kumuuliza, ananijibu "tisa" huku mdomo uko wazi. Naandika 15. Kila wiki nne tunarudia, mita zinaongea zenyewe.

Mwanzo naanzia dakika 5 mpaka 10 mara mbili kwa siku, naongeza dakika kabla ya kuongeza kasi. Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Dakika 5 za mwanzo na za mwisho taratibu, hasa za mwisho: ukisimama ghafla damu inabaki miguuni, kizunguzungu. Ukibanwa kifua, simama. Kama una dawa ya kuweka chini ya ulimi, itumie ulivyoelekezwa. Kisipoachia ndani ya dakika chache, hospitali, na wala usijiendeshe gari.

Kuna wanaouliza mazoezi makali ya vipindi. Trondheim, Norway, mwaka 2007 yalitoa matokeo ya ajabu kwa wagonjwa 27 wa moyo dhaifu. Utafiti mkubwa zaidi wa 2017, SMARTEX, haukuona kuwa yanapita mwendo wa wastani. Mtaani peke yako, usiyaguse.

---

Mbishi Asilia

Nimekubali nusu. Hambrecht uliyemtaja si ndiye aliyelinganisha baiskeli na stenti?

---

Fizio wa Korido

Ndiye. Mwaka 2004, wanaume 101 wenye ugonjwa uliotulia. Nusu stenti, nusu dakika 20 za baiskeli kila siku. Baada ya mwaka, asilimia 88 ya wa baiskeli hawakuwa wamepata tukio lolote la moyo, wa stenti 70. Ila soma vizuri: *uliotulia*. Mtu mwenye mshtuko unaoendelea sasa hivi anahitaji mshipa uzibuliwe, baiskeli itamngoja.

---

Binti Sinza

Mkuu swali la mwisho nisikuchoshe. Baba goti lake la kulia limeanza kulalamika, na hapo mwanzo alikuwa anachua na kumeza hizo diklofenaki. Nimeshazificha. Afanye nini?

---

Fizio wa Korido

Umefanya vizuri kuzificha. Kwa maumivu aulize daktari kuhusu parasetamoli, na aone mtu wa fizio amtazame goti. Wakati huohuo ahamie baiskeli ya mazoezi isiyotembea kama kuna jimu jirani, kiti kiwe juu kiasi kwamba goti likinyooka libaki limekunjika kidogo tu, bila uzito. Jimu hakuna: akae kwenye kiti kigumu, apige hatua za kukaa, magoti yanapanda yanashuka na mikono inafuata, wimbo mzima mmoja, apumzike, wimbo wa pili. Achague mwenyewe nyimbo. Na raba, siyo ndala.